Kelele za Tapeti na Ukimya Unaounguza Valvu

Kwenye vijiwe vya bodaboda, Mbagala au Ubungo, ugonjwa wa injini hutafutwa kwa sikio. Dereva akisikia tik-tik-tik chini ya tangi hahitaji kuambiwa: tapeti zimelegea. Anakwenda kwa fundi. Fundi anafungua kava, anakaza skrubu mbili, anawasha, anasikiliza, anakaza tena kidogo, na injini inanyamaza. Mteja analipa na kuondoka ameridhika. Wiki kadhaa baadaye pikipiki inakataa kuwaka asubuhi, kiki inapigwa mpaka mguu unauma, na hakuna anayekumbuka siku ile injini iliponyamazishwa.

Uhusiano upo, na unapimika kwa kifaa kinachoingia kwenye mfuko wa shati: fila geji, ile pakiti ya vipande vyembamba vya chuma vilivyoandikwa unene wake.

Pikipiki iliyofunguliwa kwa ajili ya uchambuzi huu ni ya Kichina, cc 125, injini yake imegongwa chapa 156FMI. Wengi huipita namba hiyo bila kujua kwamba inasomeka. Tarakimu ya 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita, F ni injini inayopozwa kwa upepo, M ni ya pikipiki, I ni daraja la cc 125. Ndugu yake 162FMJ ni ya cc 150. Chapa ubavuni mwa tangi zinaweza kuwa kumi tofauti, lakini babu wa nyingi kati ya injini hizi ni mmoja: Honda CG125 ya miaka ya 1970, pikipiki ambayo kiwanda cha Honda cha Manaus, Brazili, kilianza nayo kazi mwaka 1976, na ambayo Pakistan imeendelea kuiunda kwa miongo kadhaa.

Honda iliichora CG ikiwa na wateja wa namna fulani akilini: watu wanaobeba mizigo mizito, barabara za vumbi, oili inayobadilishwa siku ikikumbukwa. Injini za wakati huo zenye kamshafti juu ya kichwa cha silinda zilikuwa zikiumia oili ikichafuka au ikipungua. Kwa hiyo kamshafti ikateremshwa chini, ikazungushwa kwa gia badala ya cheni, na mwendo wake ukapandishwa juu kwa pushirodi mbili hadi kwenye roka zinazosukuma valvu. Pua ya kamshafti yenyewe ni moja tu, inahudumia valvu zote mbili. Ni ubahili wa kihandisi unaostahili heshima. Una faida nyingine kwa anayesikiliza: kwa kuwa hakuna cheni ya kamshafti ya kusingiziwa, mlio unaotoka juu ya injini hii huwa na washukiwa wachache, na roka ndiye wa kwanza.

Kati ya ncha ya roka na ncha ya valvu lazima pabaki uwazi; ukizidi, ndipo husemwa tapeti zimelegea. Kwenye CG125 kipimo chake ni milimita 0.08, valvu ya kuingiza na valvu ya moshi sawasawa, injini ikiwa baridi. Injini za aina nyingine zina namba zao kwenye vitabu vyao, na kuazima namba ya jirani ni kujitafutia hasara. Uwazi huu upo kwa sababu chuma kikipata joto hurefuka. Fimbo ya chuma yenye urefu wa milimita 80, joto lake likipanda nyuzi 100, hurefuka kwa takriban milimita 0.1, yaani kuzidi uwazi wote tuliouacha. Kichwa cha silinda nacho hutanuka na kufidia sehemu ya urefu huo, ndiyo maana 0.08 inatosha. Lakini inatosha ikiwepo.

Hapa ndipo makosa mawili yanapotofautiana uzito. Uwazi ukizidi, valvu inachelewa kufunguka, inawahi kufunga, na roka inaigonga badala ya kuisukuma. Kelele inatoka, nguvu inapungua kidogo, vyuma vinalika polepole. Uwazi ukiisha, valvu haikai sawasawa kwenye kiti chake. Kumbuka kwamba valvu ya moshi haina feni wala maji. Sehemu kubwa ya joto lake inatoka kwa kugusana na kiti hicho, katika muda mfupi inapokuwa imefungwa. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, valvu hiyo inafunguka na kufunga mara 50 kila sekunde. Ikikosa kukaa vizuri, inakosa mahali pa kuteremshia joto, na wakati huohuo moto wa mlipuko unapenya pembeni yake kama tindo. Ukingo unaungua, kompresheni inavuja, pikipiki inakuwa ngumu kuwaka.

Na yote haya yanatokea bila mlio. Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ni bei ya kufungua kichwa cha silinda.

Kwa nini basi kazi hii ifanyike nyumbani? Mafundi wa gereji wanaijua, na wengi wana mikono mizuri kuliko mwenye pikipiki. Wanachokosa ni injini baridi. Maelekezo ya Honda yanataka kipimo kichukuliwe injini ikiwa chini ya nyuzi joto 35. Dar es Salaam mwezi Februari hewa ya mchana tu inapita nyuzi 30, na pikipiki iliyotoka kushusha abiria inahitaji saa nyingi kupoa mpaka ndani. Dereva anayedaiwa hesabu na tajiri jioni hawezi kuiegesha nusu siku. Kwa hiyo fundi anapima chuma cha moto, au hapimi kabisa, anasikiliza. Alfajiri nyumbani, kabla ya kiki ya kwanza, baridi hiyo inapatikana bure.

Mwenye pikipiki hii anaishi Kigamboni. Alianza kwa brashi na kitambaa, akisafisha mapezi ya silinda na kuzunguka kava la juu, kwa sababu mchanga wa barabara ya mtaani kwake ukidondoka kwenye roka utakwenda moja kwa moja kwenye oili. Tangi likatolewa, kava likafunguliwa, gasketi yake ikachunguzwa kama bado nzima. Plagi ikatolewa pia. Wengi huruka hatua hii, lakini bila plagi injini inazunguka kwa vidole viwili na kusimama pale unapotaka. Ikiwa na plagi, kompresheni inairusha na kuipitisha alama.

Alama yenyewe ni herufi T iliyochorwa kwenye magneto, upande wa kushoto, nayo hulinganishwa na mstari usiozunguka ulio pembeni yake. Injini nyingine zina vifuniko vidogo vya kuichungulia, nyingine zinadai kava zima litolewe. Magneto inazungushwa kinyume cha saa ukiitazama kutoka kushoto. Asiyetaka kuishika anaweza kuweka gia ya juu na kuzungusha gurudumu la nyuma kwenda mbele. Karibu na T kuna herufi F, na hiyo ni ya muda wa plagi kuwasha. Anayeshika F akidhani ni T ameanza vibaya.

Mtego mkubwa uko mbele kidogo. T inafika kwenye mstari mara mbili katika mzunguko mmoja wa kazi ya injini. Mara moja ni mwisho wa kompresheni, valvu zote zimefungwa, na hapo ndipo pa kupima. Mara ya pili ni pale moshi unapomaliza kutoka na hewa mpya inaanza kuingia, valvu zote zikiwa wazi kidogo. Anayepima hapo atakuta hakuna uwazi, atalegeza skrubu zote mbili mpaka 0.08 ipite, atafunga kava, na atashangaa pikipiki inapiga kelele kama cherehani mbovu au haiwaki kabisa. Dawa yake ni kidole: ziba tundu la plagi ukizungusha. Hewa ikikisukuma kidole nje na T ikifuata, uko mahali sahihi. Tikisa roka kwa mkono. Zote mbili zicheze kidogo. Isiyocheza ama imebana, ama T uliyoshika ndiyo siyo.

Ya Kigamboni, roka ya valvu ya kuingiza ilicheza waziwazi. Kipande cha 0.08 kilipita bila kugusa, na hata cha 0.10 kikaingia kwa urahisi. Ya moshi ilikuwa kisa kingine. Kipande cha 0.08 kilikataa. Cha 0.05, chembamba kuliko vyote kwenye pakiti ile, nacho kikakataa. Mkono ulihisi mchezo mdogo mno, wa kuhisiwa zaidi ya kuonekana.

Tuutazame vizuri mgawanyo huo. Kelele iliyomsumbua mwenye pikipiki ilitoka kwenye valvu ya kuingiza, ambayo haikuwa na hatari kubwa. Valvu iliyokuwa ikielekea kuungua ilikuwa jirani yake, kimya. Fundi wa kusikiliza angekaza zote mbili mpaka mlio uishe, na kwa kufanya hivyo angeponya iliyokuwa ikilalamika na kuimaliza iliyokuwa ikiugua.

Kurekebisha ni kazi ya spana ndogo na bisibisi. Nati ya kufungia inalegezwa, skrubu inazungushwa, kipande cha fila geji kikiwa kimelala kwenye uwazi bila kupinda. Uzi wa skrubu ukiwa wa nusu milimita kwa mzunguko, 0.08 yote ni sehemu ya sita ya mzunguko, ndiyo maana mikono ya haraka huipita. Kinachotafutwa ni kipande kitoke kwa kukwaruza kidogo, bila kulazimishwa. Uhakika zaidi unapatikana kwa vipande viwili: cha 0.08 kiburuke, cha 0.10 kikatae.

Kisha nati inakazwa, na hapo ndipo kazi nzuri huharibika. Nati ikizunguka inaivuta skrubu pamoja nayo, na uwazi uliotafutwa kwa subira unapungua papo hapo. Bisibisi ishikilie skrubu mpaka nati ikaze, halafu pima upya. Ya Kigamboni ilirudiwa mara kadhaa kwenye valvu ya moshi, kila mara ikibana baada ya nati. Mwisho injini ikazungushwa raundi mbili kamili, T ikarudishwa kwenye mstari wa kompresheni, vipimo vikachukuliwa tena. Plagi ikaanzwa kwa vidole, kwani uzi wa tundu lake ni wa aluminiamu na spana haijui huruma.

Mafundi wasio na fila geji hutumia walichonacho. Wembe wa kawaida wa makali mawili una unene wa karibu milimita 0.1. Kwa injini hii ni mnene kidogo kuliko inavyotakiwa, ila makosa yake yanaangukia upande wa kulegea, upande salama, na anayeutumia kwenye injini baridi anafanya kazi ya heshima kuliko anayeamini sikio. Karatasi ni hadithi tofauti. Ya ofisini nayo ina unene wa karibu 0.1, lakini inaminyika chini ya roka, inalowa oili, na kipimo kinachosomwa kinategemea nguvu ya mkono. Ikiwa lazima kuchagua, wembe.

Pikipiki ilipowashwa, tik-tik ilipungua lakini haikuisha. Hapa wengi hukata tamaa na kurudia kukaza. Sababu iko kwenye ncha ya roka. Injini ikitembea muda mrefu, hasa kwa oili chovu, ncha hiyo hulika na kuacha kishimo kinacholingana na ncha ya valvu. Kipande cha fila geji ni bapa. Kinapita juu ya kingo za kishimo bila kuingia ndani yake, kinasema 0.08 wakati uwazi halisi ni mkubwa zaidi. Kipimo ni sahihi kwenye kingo na ni uongo katikati. Kukaza ili kuua mlio huo ni kubahatisha, na aliyebahatisha kwenye valvu ya moshi hujua matokeo baadaye. Roka iliyolika inabadilishwa. Mpaka hapo, mlio mdogo unavumilika.

Kuhusu ni lini kazi irudiwe, hesabu ni nyepesi. Anayetembea kilomita 100 kwa siku anafikisha 3,000 ndani ya mwezi, umbali ambao kwa injini za aina hii unatosha kufungua kava na kuchungulia. Anayekwenda kazini na kurudi atachukua miezi. Injini mpya isisubiri hivyo: ikifika kilomita 1,000 za mwanzo ipimwe, kwa kuwa sehemu zake bado zinakaliana.

Andika vipimo kila mara, hata kwa penseli nyuma ya kitabu cha pikipiki. Uwazi unaoongezeka taratibu ni wa roka, kamshafti na ncha za pushirodi kulika, na skrubu itaendelea kuumudu kwa muda mrefu. Uwazi wa valvu ya moshi unaopungua tena mwezi mmoja baada ya kusetiwa unaonyesha kwamba valvu inazama kwenye kiti chake. Hapo bisibisi haina la kufanya. Kichwa cha silinda kinatakiwa kushuka, na kazi hiyo apelekewe fundi mwenye vifaa vya kusagia valvu.