Lipu ya Saruji Kwenye Tofali Mbichi: Kwa Nini Hubanduka

Tumbaku ikilipa, mwenye nyumba ya tofali mbichi pale Ntalikwa, Tabora, hutamani kwanza lipu ya saruji. Ananunua mifuko michache, anaazima mwiko, anapiga ukuta mwenyewe kabla ya mvua. Nyumba inapendeza. Novemba mvua zinaanza, nyufa nyembamba zinajitokeza. Kufikia Machi lipu inadondoka mapande, imeng'oa na uso wa tofali. Mwaka unaofuata anaongeza saruji, akidhani mara ya kwanza alibania. Inabanduka tena.

Tatizo si uhaba wa saruji. Tofali mbichi ni udongo: likilowa huvimba, likikauka husinyaa. Saruji iliyokomaa haifuati mwendo huo, na kadiri mchanganyo ulivyo mkali ndivyo unavyozidi kuwa mgumu na kupasuka. Maji hupenya kwenye ufa, au hupanda kutoka ardhini pale ambapo msingi hauna kizuizi cha unyevu, kisha hukosa pa kutokea. Ukuta unalainika nyuma ya uso mzuri. Gonga kwa kifundo cha kidole: panapotoa mlio wa uwazi, lipu imekwisha kuachana na tofali.

Kuna mtego mwingine. Kanuni ya fundi ni kulowesha ukuta kwanza, kisha kuimwagilia lipu kwa siku kadhaa. Kwa tofali za kuchoma ni sahihi kabisa. Tofali mbichi ukilimwagia maji mengi linayeyuka. Ukiliacha kavu, linanyonya maji ya saruji kabla haijakomaa, na lipu inabaki ungaunga. Naumia ninaposikia wenye nyumba hawa wakiitwa wazembe. Wamefuata kanuni nzuri kwenye ukuta usiohusika nayo.

Unyamwezi, yaani eneo hili la Tabora, una ujuzi wake wa udongo. Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, lipo tembe linalokumbukwa kwa mpelelezi Livingstone, aliyebaki huko hadi Agosti 1872 baada ya mpelelezi mwenzake, Stanley, kuondoka mwezi Machi. Kuta za tembe ni nene, za udongo, na udongo husiribwa upya kila unapochakaa. Hapo ndipo penye siri: udongo juu ya udongo huvimba pamoja na kusinyaa pamoja. Changanya udongo, mchanga na nyasi zilizokatwakatwa. Siriba vipande vichache vya majaribio, kila kimoja na kipimo chake, uviache vikauke. Kinachopasuka kina mfinyanzi mwingi, kiongezee mchanga; kinachopukutika ukikipapasa kina mchanga kupita kiasi. Ukishapata kipimo, siriba ukuta mzima, kisha paka chokaa, ambayo huruhusu unyevu kutoka.

Mifuko ya saruji usiitupe. Ijengee mawe chini, kwenye msingi, mahali ambapo matone ya mvua hurukia ukuta. Fedha itakayobaki nunua bati, urefushe upenu kabla ya Novemba.