Mkono wa Kufumua

Msusi husifiwa akisuka. Mimi humpima akifumua.

Kusuka kuna mashahidi. Ukimaliza unasimama mbele ya kioo, unageuza shingo huku na huku, wenzako wanakwambia umependeza, na siku hizi hutoki saluni kabla hujapigwa picha ya kisogo. Kufumua hakuna wa kukupiga picha. Nusu ya kichwa ina rasta, nusu imesimama wima, na uso ni wa mtu aliyegongewa mlango usiku. Hata bei inaonyesha dharau hiyo: mtindo unaulipia kwa jina lake, kufumua ni nyongeza tu, tena mara nyingi unaachiwa binti aliyeanza kujifunza kazi juzi. Au unajifumua mwenyewe kitandani saa nne usiku, macho kwenye tamthilia na mkasi mkononi. Urefu uliolelewa kwa miezi unaishia kwenye kifagio.

Kufumua nilikuona Ngamiani, Tanga, kwenye kibaraza cha jirani yetu aliyesuka watoto wa mtaa mzima. Yeye kwenye kigoda, wewe mkekani, kichwa katikati ya magoti yake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Hebu tuone. Nani huyu kakusuka hivi?"

Alikuwa yeye mwenyewe, wiki tatu nyuma, na alijua vizuri. Tulicheka kila safari.

Hakuanza na kitana. Alichovya kidole kwenye kikopo cha mafuta ya nazi, akakipitisha kwenye kila njia, kutoka kwenye paji la uso hadi kisogoni. Kisha akafungua ncha kwa mkia wa kitana, msuko mmoja baada ya mwingine, akipanda taratibu kuelekea shinani. Pale msuko unapoanzia huwa pana kijipete cheupe cha uchafu: vumbi, jasho, mafuta ya siku nyingi na manyuzinyuzi ya nguo, vyote vimegandana. Mwenye haraka hukimbilia maji. Maji yakikikuta kijipete hicho bado kizima, nywele hushikana zikawa fundo, na fundo hilo dawa yake ni mkasi. Bibi alikivunja kwa ncha za vidole viwili, akikisugua kwa mafuta mpaka kikalegea na kumwagikia kanga niliyojitanda mabegani kama unga. Hapo ndipo shanuo lilipopewa ruhusa, shanuo la mti lenye meno mapana, nalo lilianzia nchani na kupanda juu. Ukianzia utosini unayasukuma mafundo yote yakutane mahali pamoja, halafu unayavuta kwa hasira.

Nywele za mtu huota kiasi cha sentimita moja na kitu kwa mwezi, kama sentimita 15 kwa mwaka, na unywele mmoja unaweza kuendelea hivyo kwa miaka miwili hadi sita kabla ya kudondoka. Kwa hiyo anayelalamika kwamba nywele zake zimegoma kukua, mara nyingi zinakua kama za jirani yake. Kinachoota kwenye ngozi kinakatikia nchani. Mtu kama huyo simuulizi anapaka nini. Namuuliza anafumuliwa na nani.

Nazo nywele za kipilipili hazitaki mchezo. Unywele wa singa umenyooka, mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa huteleza hadi chini. Wetu umejiviringa, kila kona ni mahali pepesi pa kukatikia, na mafuta ya mwili hayafiki nchani. Ndiyo maana wazee walipaka, na hawakubahatisha walipochagua nazi. Utafiti uliofanywa India na kuchapishwa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini. Ni ya nazi tu yaliyoonekana kupunguza protini inayopotea kwenye unywele, kwa kuwa hupenya ndani yake, hayabaki juu tu. Chupa zinazoahidi kuotesha nywele kwa wiki mbili, wenyewe watajua.

Halafu urefu wetu unajificha. Nilimaliza kidato cha sita na kichwa kilichonyolewa kwa sheria ya shule, nikaanza upya. Mwaka ukapita, kila nikijitazama naona kofia fupi tu, nikakata tamaa. Bibi alinisikiliza, akachukua uzi mweusi, ncha moja akaibana kwa meno, akaanza kuuzungusha kwenye fungu la nywele kutoka shinani hadi mwisho, mzunguko ukigusana na mwenzake bila kupandana. Nywele zilinyooshwa bila moto wala dawa. Alipoutoa uzi siku ya tatu, za pembeni zilinifika shavuni. Nilikuwa nimeishi nazo mwaka mzima nikizitukana.

Pamoja na elimu yote hiyo, nilipohamia Dar es Salaam niliisaliti. Nilitaka rasta nyembamba zidumu miezi miwili, nikaingia saluni moja, msusi akakaza mpaka nyusi zikapanda. Nikamwambia inauma.

"Vumilia dada, zikilegea mapema utarudi kunilaumu."

Nilivumilia. Usiku sikupata upande wa kulalia, asubuhi vipele vilikuwa vimejipanga kwenye kingo za uso. Siku ya kufumua, juu ya sikio la kushoto palibaki ngozi tupu kama sarafu. Balaa hili halikuanza na rasta wala na Waafrika: mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari walilieleza kwa wanawake wa Greenland, waliokuwa wakifunga nywele zao kwa kuzikaza mno. Shina likivutwa muda mfupi hupona. Likivutwa miaka huacha kovu, na penye kovu hapaoti kitu. Pangu palirudi, ilichukua karibu mwaka. Tangu hapo kipimo changu ni chepesi: nikiinuka kwenye kiti nikashindwa kukunja uso na kucheka, zinafumuliwa siku hiyohiyo, pesa ikiwa imekwenda na iende.

Mengine hayahitaji msusi. Kitambaa cha satini cha kulalia, maana foronya ya pamba hunyonya mafuta na kukwaruza. Kuosha nywele zikiwa zimegawanywa mafungu, na kutozivuta zikiwa zimelowa, kwa sababu unywele uliolowa hunyumbuka na hukatika upesi. Rasta zisikae kama mkeka wa msikitini. Wiki sita, nane zikizidi. Haya mtu anajifanyia. Kufumua kisogo chako mwenyewe ni hadithi nyingine. Kinyozi hajinyoi, na bibi yule, pamoja na vidole vyake, kichwa chake alikipeleka kwa mdogo wake barabara ya pili, akakaa mkekani kama sisi na kuambiwa atulie.

Kitu kilichonitisha utotoni ni nywele zilizobaki kwenye shanuo. Kila akichana alizikusanya, akazizungusha kati ya viganja, na mwishoni kukawa na donge kubwa kama limau. Kwetu nywele hazitupwi ovyo, utasikia habari za wachawi na za ndege wa kujengea kiota. Alinipa nikazichimbie chini ya mpera. Nakumbuka nilisimama nalo mkononi, chozi likinilenga, nikiamini kichwa kimeisha.

Leo hesabu naijua. Mtu hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Zikiwa zimesukwa haziendi popote, zinabaki zimeshikiliwa ndani ya msuko. Chukua wiki sita: ni nywele 2,100 hadi 4,200, zote zinakungoja siku ya kufumua. Kichwa kina kama laki moja. Bibi hakuwa na hesabu hiyo.

"Nyingi bibi," nilimwambia.

"Nyingi wapi? Hizo zilishaondoka zamani, zilikuwa hazijapata mlango. Zako hizi hapa," akanigonga utosini kwa mgongo wa shanuo. "Kachimbie, kisha niitie mwenzio."