Kisu Kikubwa cha Kukunja: Namna ya Kukipima Kabla Hujakitia Mfukoni

Ukipewa kisu cha kukunja ukikague, usianze na makali. Makali yanarudishwa na kinoo kwa robo saa, na kisu butu kinaweza kuwa kisu kizuri kabisa. Anza na bawaba, pale bapa linapoungana na mpini, kisha komeo linalolizuia bapa lisikurudie vidoleni. Hapo ndipo ustadi wa aliyekitengeneza unapoonekana, na hapo ndipo visu vingi vinavyopangwa mezani sokoni Butembo na Beni, huku Kivu Kaskazini, vinaposhindwa.

Ninaposema kisu kikubwa, nina maana ya bapa la sentimita 9 hadi 12, lenye mgongo wa karibu milimita 3. Kuna watu wengi huku kwetu ambao siku yao haiendi bila chombo cha namna hiyo. Motari anakata mpira wa chemba wa kufungia mzigo. Fundi wa sola anamenya nyaya. Mama anayeuza samaki wa Kyavinyonge anafungua vifurushi vilivyokazwa kamba. Mtu wa kwinini anabandua magome. Mnunuzi wa kakao upande wa Mangina au Oicha anachukua punje kavu, anaipasua kwa urefu na kutazama ndani: kahawia maana yake imechachuka vizuri, zambarau bado, kijivu cha mwamba haikuchachuka kabisa. Kazi hiyo ya mwisho inadai bapa jembamba kwenye makali, maana bapa nene huivunja punje badala ya kuipasua, na rangi haisomeki. Kwa hiyo uzito wa kisu ukae kwenye mgongo na kwenye bawaba, makali yabaki membamba. Kisu kilicho kinene kote ni kabari tu.

Utakutana na koo tatu za visu. Ya kwanza ni ya Kifaransa, na mkubwa wake ni Opinel, iliyoanzishwa na Joseph Opinel huko Savoie mwaka 1890. Namba iliyopigwa kwenye kisu inakwambia ukubwa: namba 10 ina bapa la sentimita 10, namba 12 la sentimita 12. Mpini ni wa mti, na tangu mwaka 1955 kisu kina pete ya chuma shingoni ambayo ukiizungusha inalifunga bapa. Ndugu yake wa mji wa Thiers ni Douk-Douk wa mwaka 1929, ambaye mpini wake ni bati moja lililokunjwa. Ni imara sana, lakini hana komeo, anashikiliwa na springi peke yake, kwa hiyo hafai kazi ya kusukuma ncha mbele.

Ya pili ni Okapi. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Afrika, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 kinatoka Afrika Kusini. Mnyama aliyekipa jina ni wa misitu yetu. Wataalamu wa Ulaya walimtambua rasmi mwaka 1901, baada ya vipande vya ngozi yake kumfikia Mwingereza Harry Johnston kupitia ngome ya Mbeni, upande wa Semuliki. Bapa la kisu cha Okapi ni chuma cha kaboni, mpini ni mti uliopambwa nyota na mwezi, na aina zenye komeo zina pete ndogo mgongoni unayoivuta ili kukikunja.

Ya tatu ndiyo iliyojaa: visu vya China vinavyoingia na shehena kupitia mpaka wa Kasindi. Vingi vina mpini wa bati au plastiki, na ndani yake kibati kinachoruka nyuma ya bapa na kulizuia. Visu vya namna hii vipo vizuri na vipo vya kutupa, na rangi ya nje haikusaidii kuvitofautisha. Muuzaji atakwambia, "Patroo, hii ni orijinali." Mwitikie kwa heshima, omba ruhusa ya kukifungua, kisha fanya kazi yako.

Kwanza, kikiwa kimekunjwa, kitazame kwa juu. Bapa lilale katikati ya nafasi yake. Likiegemea upande mmoja, ama ribiti imepinda, ama mbavu za mpini hazilingani.

Pili, kifungue polepole. Mwendo uwe laini na sawa toka mwanzo hadi mwisho, kisha usikie mlio mmoja mfupi komeo linapoingia. Mlio mzito wenye kukwaruza ni dalili ya vyuma visivyosuguliwa vizuri.

Tatu, shika mpini kwa mkono mmoja, ncha kwa vidole viwili vya mkono mwingine, utikise kushoto na kulia. Ukisikia bapa linacheza, uliza kama bawaba ina skrubu inayoweza kukazwa. Kama ni ribiti tupu na kisu ni kipya, kirudishe mezani. Kinacholegea leo dukani, baada ya msimu mmoja wa kakao hakitashikika.

Nne, pima komeo. Kishike kwa namna ambayo hakuna kidole kinachokaa kwenye njia ya bapa, kisha bonyeza mgongo wake juu ya ubao, ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Mwishoni ugonge mara mbili tatu, kwa wepesi. Komeo lisisogee hata nywele. Kwa visu vya kibati, angalia pia kibati kimeingia kiasi gani nyuma ya bapa: theluthi moja hadi nusu ni vizuri, kikifika ng'ambo ya pili kikiwa bado kipya, hakina tena pa kwenda kitakapolika. Kwa Opinel, pete izunguke kwa ugumu kidogo na ikaze kabla haijafika mwisho.

Tano, kiinue kuelekea angani ukiwa umefumba jicho moja, uone kama bapa limenyooka na kama makali yametolewa sawa pande zote mbili.

Baada ya hapo ndipo uje kwenye chuma. Usidanganywe na sumaku: chuma cha kisu kisichoshika kutu nacho hunaswa na sumaku. Ukiruhusiwa, pitisha tupa kwa wepesi kwenye mgongo karibu na bawaba. Tupa ikiteleza, chuma ni kigumu. Ikiuma kwa urahisi, huenda hakikupikwa ipasavyo. Makali nayo yaweke juu ya ukucha wa kidole gumba kwa kuyalaza, bila kusukuma. Makali hai hushika hapohapo, makali mafu huteleza.

Hali ya hewa nayo ina sauti yake. Butembo iko juu, kwenye mita zaidi ya 1,700, na mvua yake haipumziki sana. Beni iko chini na ina joto la unyevu. Mpini wa mti ukilowa huvimba na kulibana bapa kiasi kwamba ukucha haulitoi. Wenyeji wa Savoie hugonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, na ncha ya bapa huchomoza. Dawa ya kudumu ni kuyeyusha nta ya mshumaa ndani ya bawaba wakati mpini umekauka vizuri. Chuma cha kaboni nacho kifute kila jioni, hasa baada ya kukata ndizi au papai, kwa sababu utomvu wake hula chuma. Tumia mafuta ya cherehani, tone moja tu. Mawese yanaganda na kushika vumbi, bawaba ikawa nzito.

Kuna kipimo kimoja zaidi, nacho ni cha huku kwetu. Tangu Oktoba 2014, raia wa eneo la Beni wameuawa kwa mapanga na visu, na Mei 2021 jimbo zima liliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. Mtu anayeogopa chuma ana sababu, na askari wa kizuizini ana sababu ya kuuliza. Kisu chako kionekane wazi kuwa ni cha kazi. Achana na vyenye meno ya msumeno, rangi za kijeshi au bapa lenye makali pande mbili. Mti wa kahawia na bapa la kawaida vinajieleza vyenyewe. Kiweke ndani ya mfuko wa vifaa, pamoja na bisibisi au kamba zako. Ukifika kizuizini, kitaje kabla hujapekuliwa. Usikifungue kwa mbwembwe mbele ya mtu, na ukimpa mwenzako, mpe kimekunjwa. Kanisani, mkutanoni na kwenye pombe, kibaki nyumbani.

Ukiniuliza nichague kimoja, kwa kazi safi za mkono kama kupasua punje na kumenya nyaya ningechukua Opinel namba 10, na kwa kamba na mipira ningechukua Okapi chenye komeo. Na kama meza zote za soko hazina kimoja kilichopita majaribio haya matano, usinunue cha kukunja. Nenda kwa mhunzi anayefua springi za malori. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha kushika makali, na kisu chake kisichokunjwa, kikitiwa kwenye ala nzuri ya ngozi, kitakutumikia miaka na miaka. Kisu cha kukunja chenye komeo bovu kitakukata wewe kwanza.