"Kusawazisha": Neno Moja, Kazi Tatu

Miongoni mwa maneno yanayostahili kupimwa upya na wafasiri wetu ni "kusawazisha". Katika simu na kompyuta zenye maelezo ya Kiswahili, neno hilo hutumika kwa kulinganisha nakala za mafaili. Fundi wa vipaza sauti naye hulitumia kwa kuweka kiwango cha sauti kiwe kimoja. Sasa linatwikwa mzigo mwingine: kuvifanya vifaa kadhaa vya mkutano vilivyounganishwa mtandaoni vitoe sauti ile ile kwa wakati mmoja.

Madhara yake si madogo. Vipaza sauti viwili ukumbini vikipishana kwa milisekunde 100, msikilizaji husikia mwangwi na maneno hayashikiki vizuri. Mtumishi aliyeagizwa "asawazishe sauti" atapunguza ukubwa wake, na mwangwi utabaki pale pale.

Hatuna budi kuitazama kazi yenyewe. Kwanza, kila kifaa kina saa yake, na saa hizo haziendi sawa: tofauti ya sehemu 50 katika milioni huzaa milisekunde 180 kila baada ya saa moja. Kwa hiyo vifaa hupelekeana ujumbe wa majira ili saa zikubaliane, utaratibu ambao David L. Mills aliuandikia kanuni mwaka 1985. Pili, vifurushi vya sauti havifiki kwa mwendo mmoja. Vilivyowahi huzuiwa kidogo, vilivyochelewa vipate kuwasili. Tatu, kila kifurushi hubeba alama ya wakati, kama kanuni za RTP za mwaka 1996 zinavyoagiza, na kwa alama hiyo vifaa vyote huweza kukitoa kwa pamoja.

Maoni yetu ni kwamba kazi tatu zidai maneno matatu: kupatanisha saa, kusubirisha vifurushi, na kulandanisha sauti. La pili lisidharauliwe. Kusubirisha kukizidi, wazungumzaji hukatizana; Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu hushauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kutoka kinywa hadi sikio. Fundi asiye na jina la kipimo hicho atakirekebishaje?

Huenda wengine wakasema kwamba "kulandanisha" ni neno zito. Lakini "kulandana" ni neno letu la siku nyingi, lenye maana ya kufanana au kulingana, na halina deni kwa mafaili wala kwa ukubwa wa sauti. "Kusawazisha" libaki kwa mafundi wa viwango, ambako maana yake haina utata.