Toni za Kisuba na Kimya cha Maandishi

Wahakiki wa fasihi simulizi nchini Kenya wamezoea kuuchukulia utungo kana kwamba, maneno yake yakishaandikwa, utungo wote umehifadhiwa. Makala haya yanaupinga mtazamo huo kwa kurejelea Kisuba, lugha ya Kibantu ya visiwa vya Rusinga na Mfangano katika Ziwa Viktoria, ambayo wasemaji wake wengi wamehamia Dholuo. Uhamaji huo ulielezwa na Rottland na Okoth Okombo mnamo 1992, na hapana haja ya kuurudia hapa. Suala linalodai kuzingatiwa ni lile la kidatu cha sauti.

Yaweza kudhaniwa kwamba, maadamu Dholuo nayo ni lugha ya toni, mtoto aliyelelewa nayo hatapata taabu kujifunza toni za babu zake. Dhana hiyo haina mashiko. Katika Dholuo, toni hutenganisha tendo lililokamilika na lile linaloendelea. Mfumo wa Kibantu ni mwingine: katika Kikuria, jirani na ndugu wa Kisuba, toni ya juu huanzia mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya shina la kitenzi, kutegemea njeo. Mjukuu anaweza basi kutamka kila konsonanti sawasawa, na bado nyanya yake akasikia wakati usiokusudiwa.

Haifuati kwamba kila badiliko ni uharibifu. Kiswahili chenyewe kilipoteza toni za Kibantu, kikabaki na mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na ushairi wake ukastawi juu ya mizani na vina. Lakini Kiswahili kilikuwa na wasemaji wa kutosha kutunga upya. Kisuba hakina nafasi hiyo: wa kumsahihisha mjukuu ni wachache, na wa kutunga pamoja naye ni wachache zaidi.

Hapo ndipo hati isiyo na alama za toni inapopotosha. Msomaji wa kesho ataisoma kwa sauti anayoijua, yaani ya Dholuo, na kuiamini kuwa ya wazee. Kitendawili kinachotegemea tofauti ya kidatu pekee kitabaki swali lisilo na jibu. Mkusanyaji hana budi kurekodi sauti za nyanya na mjukuu pia, na kuziambatisha na maandishi. Pasipo sauti hizo, mhakiki akiri kwamba anahakiki nusu ya utungo.