Picha Zenye Tundu: Mbinu ya Studio ya Gulu na Kusita kwa Wapiga Picha wa Kajaga

Wapiga picha waliolelewa katika taaluma ya picha za habari mara nyingi huzikwepa kazi za kuagizwa, yaani picha za harusi, za familia na zile ndogo za pasipoti, kwa kuwa katika kazi hizo mteja ndiye anayechagua mkao, nguo na mandhari ya nyuma, na fundi huonekana kubakiwa na kubonyeza kitufe tu. Kusita huko kuna uzito wa pekee Kajaga, kando ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi wa Bujumbura, ambako hoteli za ufukweni hupokea maharusi na ambako mpiga picha anayekataa kazi za sherehe hukataa pia sehemu kubwa ya riziki yake. Hoja nzito zaidi ya kupinga dharau hiyo imo katika kazi ya mpiga picha aliyeishi Bujumbura kwenyewe, Martina Bacigalupo, Mwitalia aliyezaliwa mwaka 1978 na kufika Burundi mwaka 2007, ambaye kabla ya kazi hiyo alijulikana kwa picha za maisha halisi, zisizopangwa na zisizo na mapazia ya studio.

Mwaka 2011, akiwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, Bacigalupo aliona katika Gulu Real Art Studio picha ya rangi ya mtu aliyeketi vizuri, ila mahali pa uso palikuwa na tundu la mstatili. Maelezo ya mwenye studio, Obal, yalikuwa ya kibiashara tu: mashine ya picha za vitambulisho iliyokuwapo ilitoa nakala nne kwa mkupuo, wateja wengi hawakuhitaji zote nne, na kwa hiyo ilikuwa nafuu kumpiga mteja picha ya kawaida, kuikata sehemu ya uso kwa kipimo cha kitambulisho, kisha kuyaweka kando mabaki yake. Bacigalupo aliyakusanya mabaki hayo, akawahoji wateja kuhusu sababu ya kuhitaji picha, na mwaka 2013 kazi hiyo ikatolewa kama kitabu na kuoneshwa New York na taasisi ya Walther Collection.

Ukichambuliwa, mpango huu unageuza kabisa nafasi ya mpiga picha. Kwa kuwa uso pekee ndio uliotakiwa, fundi wa studio hakuwa na haja ya kupanga kilichokuwa chini ya kidevu, na ndiyo maana mikono, magoti, viatu na mtoto aliyepakatwa vilibaki jinsi vilivyokuja kutoka barabarani, huku koti lilelile la suti, ambalo studio iliwaazima wateja, likionekana kwenye mabega ya watu tofauti, kwa baadhi yao likiwa kubwa kupita kiasi. Marudio hayo ya mkao mmoja, umbali mmoja na pazia moja ndiyo yanayolifunza jicho kuona tofauti ndogondogo, na ni mbinu inayokaribiana na ile ambayo August Sander aliitumia Ujerumani alipokusanya sura za watu wa zama zake na kuchapisha sehemu yake mwaka 1929. Mfano wa Kiafrika wa mbinu hii upo karibu zaidi: Seydou Keïta, aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, aliwapiga wateja picha uani kwa mwanga wa jua, mbele ya shuka la kitanda, kwa kawaida mara moja tu kwa kila mkao ili kuokoa filamu, na akawaazima saa, redio na suti. Picha hizo za studio ya Keïta zilikuwa kazi ya kuagizwa, na hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba wateja walimnyang'anya usanii.

Lipo jambo moja linalopaswa kuangaliwa kwa makini. Mwili usio na uso, ukitoka katika eneo lililopitia vita vya waasi wa Lord's Resistance Army kwa miaka mingi, humshawishi mtazamaji wa mbali kuona ukatili ambao mkasi wa Obal haukuukusudia kamwe. Mahojiano ndiyo yanayoirekebisha tafsiri hiyo, kwa sababu yanamrudisha kila mtu kwenye shughuli yake, kama vile mkopo wa benki au maombi ya kazi, na bila maneno hayo kazi yote ingekuwa ya kutiliwa shaka.

Kwa fundi wa Kajaga, mbinu hii inatekelezeka bila gharama kubwa. Jioni jua hushuka upande wa milima ya Kongo, na maharusi wanaosimama wakiipa migongo nuru hiyo huwa na nyuso nyeusi zisizosomeka pasipo flashi. Lakini baraza lenye kivuli, lililo wazi kuelekea ziwani, hupata mwanga laini unaotoka angani na juu ya maji, mwanga usiochonga vivuli vikali chini ya macho. Kitambaa kimoja kikitundikwa hapo, kamera ikiwekwa umbali uleule, na kila mgeni wa harusi akiitwa kwa zamu, kazi ya kulipwa huzaa pia mfululizo wa sura za watu wa mtaa, ambao hakuna ripota anayeweza kuupata kwa kuvizia.

Mfululizo huo una haraka yake. Maji ya ziwa na mafuriko ya Mto Rusizi yameingia katika nyumba za Kajaga na Gatumba jirani zaidi ya mara moja tangu mwaka 2020, na picha ya karatasi ikilowa, tabaka la jelatini linaloshika taswira huvimba na kung'ang'ania lolote linaloligusa. Kwa hiyo wapiga picha wa Kajaga wanaombwa wahifadhi nakala za kazi zao za kuagizwa, hata zilizokataliwa na wateja, mbali na ufuo, na waandike kwenye kila moja tarehe, mahali na sababu iliyomleta mtu mbele ya kamera.