Jack London aliwasha moto mara mbili

Wandugu, kila mara mtu akitaja ile hadithi ya Jack London ambayo wengi wetu tuliisoma kwa Kifaransa, Construire un feu, anaongeza maneno yaleyale: vita ya mwanadamu na pori. Mimi naona hayo maneno yanaharibu hadithi. Vita inaomba watu wawili wanaotafutana. Hapa mmoja tu njo anapigana. Mwingine hajui hata kama kuko mtu.

Tukumbushane kwanza. Mtu mmoja asiye na jina anatembea kwa miguu ku Yukon, kaskazini ya Kanada, akielekea kambi ya wenzake ku kijito cha Henderson. Ni wakati wa zahabu, na hao wenzake ni watu ambao huku kwetu tungewaita krezeri. Baridi imefika nyuzi 75 chini ya sifuri kwa kipimo cha Fahrenheit, ni kusema karibu 59 chini ya sifuri kwa kipimo chetu. Iko na mbwa. Mzee mmoja alikuwa amemwonya kwamba baridi ikipita nyuzi 50 mtu asitembee peke yake, yeye akamcheka. Njiani barafu inavunjika, analowa mpaka nusu ya njia ya kufika magoti, anawasha moto chini ya mti, na theluji iliyolala ku matawi inaanguka na kuuzima. Kinachobaki ni vidole vinavyokufa mbele ya akili ambayo bado inafanya kazi.

Sasa, wengi hawajui kwamba London aliiandika hii hadithi mara mbili. Ya kwanza ilitoka mwaka 1902 katika The Youth's Companion, gazeti la vijana la Marekani. Ya pili, hii tunayoijua, ilitoka 1908 katika The Century Magazine. Sisi tuliosoma agronomi tunapenda kitu cha namna hiyo: udongo uleule, mbegu ileile, halafu unabadilisha mambo mawili matatu ili uone ni nini kimeleta mavuno tofauti. Zola, baba wa naturalismi, aliandika mwaka 1880 katika Le Roman expérimental kwamba mwandishi afanye kazi sawa vile Claude Bernard alivyofanya ku maabara: aweke mtu ndani ya mazingira, kisha atazame. Siku zote hiyo ilinichekesha kidogo. Jaribio gani ambalo mwenye kulifanya anajiandikia matokeo yote? Ukileta memwari ya namna hiyo mbele ya jiri watakurudisha nyumbani. Lakini hizi hadithi mbili za London zikiwekwa pamoja zinakaribia kabisa kitu ambacho Zola alikuwa anaota.

Katika ile ya 1902 mtu iko na jina, Tom Vincent, na hana mbwa. Analowa, theluji inazima moto, lakini mwishoni anafaulu kuwasha mwingine. Anabaki na makovu ku mikono na fundisho la kupatia wengine, kwamba mtu asisafiri peke yake. Ni hadithi nzuri ya kumpa kijana. Baridi ndani yake ni mwalimu mkali anayepiga, halafu anamsamehe mwanafunzi aliyeelewa.

Mwaka 1908 London anatoa jina, analeta mbwa, anaondoa msamaha. Na baridi inaacha kuwa mwalimu, inakuwa baridi tu. Angalieni ule mti. Theluji haianguki juu mti una chuki na mtu. Kila mara alipovuta kijiti cha kuweka ku moto, alitikisa mti kidogo sana. Tawi moja la juu likamwaga mzigo wake, mzigo ukaangukia tawi la chini, hilo likaangukia lingine, mpaka mti wote ukajimwaga. Ni hesabu ya uzito. London anaieleza polepole, sababu juu ya sababu, bila neno moja la hasira, na mimi nilipoisoma nilisikia baridi zaidi kuliko kama angepiga kelele.

Wengine wanasema naturalismi inamnyima mtu uhuru wake wote. Hapa hapana. Saa sita na nusu mchana huyu mtu aliwasha moto bila shida, akala, akavuta tumbako yake, kisha akauacha. Mbwa hakutaka kuuacha. Na mtu alikuwa na namba! Anapiga hesabu kabisa, kwamba ni nyuzi 107 chini ya kipimo cha maji kuganda. London anasema wazi kosa lake liko wapi: ni mwepesi wa kuona vitu, si maana ya vitu. Hapo alinigusa. Nimeona makaye ya kipimo cha mvua yaliyojazwa vizuri sana, milimita kwa milimita, bila mtu hata mmoja kuuliza maharagwe yaliyo shambani yatafanya nini na hayo maji.

Mbwa hana kipimo, lakini anajua huu si wakati wa kutembea, juu mababu zake waliijua baridi na wakamwachia hiyo akili ndani ya damu. Mtu anapotaka kumwua ili apashe mikono ndani ya mwili wake, mikono haiwezi tena kushika kisu. Baadaye mbwa ananusa kifo, analia kidogo chini ya nyota, kisha anaenda kambini, kule kwenye watu wengine wenye chakula na moto. Wasomaji wengi wanamchukia. Kwangu njo ameandikwa vizuri kuliko wote, hana usaliti wala uaminifu.

Lakini hapohapo njo niko na neno langu na London. Kwa nini akili ya mababu anapewa mbwa tu? Klondike haikuwa pori tupu. Wahän, ambao leo wanajulikana kama Tr'ondëk Hwëch'in, walikuwa wanavua samaki pale tangu zamani sana. Zahabu ilipopatikana mwezi wa 8 mwaka 1896, katika kundi lililoipata alikuwemo Keish, Mtagish ambaye wazungu walimwita Skookum Jim. Wageni wakajaa, na mwaka 1897 Chifu Isaac akawahamisha watu wake mpaka Moosehide, chini kidogo ya mto. London alifika huko mwaka huohuo wa 1897. Katika hadithi ya 1908 hakuna hata mmoja wao. Mwenye kutoa onyo ni mzee mzungu, na Wahindi wametajwa ku jina la kijito tu, Indian Creek.

Si kwamba alishindwa kuwaandika. Katika The Law of Life, ya mwaka 1901, Koskoosh, mzee kipofu wa kabila moja la huko, anaachwa ku theluji na kifurushi cha kuni, wenzake wakihama. Yeye naye anangoja kifo ku baridi, na mbwa mwitu wamemzunguka, lakini anajua kwa nini, juu aliwahi kumwacha baba yake mwenyewe vilevile. Ukiisoma hiyo kwanza, yule mtu wa 1908 anaonekana mgeni kabisa, na lile neno pori linaonekana ni neno la mgeni.

Ila kitu kimoja cha wenyeji kimebaki ndani ya hadithi, na sijui kama London alikipima: mokasini, viatu vya ngozi ambavyo mtu amevaa. Kamba zake zimeganda sawa vile chuma. Moto unawaka vizuri, yeye anatoa kisu ili azikate, na ni wakati uleule theluji inaanguka.